Nilikwangua Rangi ya Rafiki Yangu, Nikaona Nisichotumwa

Bi. Corinne mpendwa,

Naomba unisaidie, na ukishindwa kuzuia kicheko basi cheka kwanza ndipo unijibu, maana hata sisi tumecheka wiki nzima na sasa tumbo linaniuma, sijui ni kicheko au ni woga. Mimi ni fundi wa mabasi ya shule hapa Ohio, nina miaka hamsini na minane, nina mke mmoja, Arlene, na gari moja la zamani ambalo Arlene analiita mke mwenzake, na kila Jumamosi asubuhi mimi na wenzangu tunakutana kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi, tunafungua boneti, tunakunywa kahawa, tunakula donati na kukashifiana magari mpaka saa sita mchana. Usituone wapuuzi. Nilipofiwa na kaka yangu, watu hao hao ndio waliokuja kunikatia majani ya uwanja kiangazi kizima bila kuombwa, na aliyewaleta ni mzee wetu, Merle.

Merle ni fundi bomba mstaafu, ana miaka sabini na mmoja, na gari lake, Chevelle ya mwaka 1969, ndiyo bibi harusi wa maegesho yale kwa sababu haijawahi kuguswa, viti vile vile, rangi ile ile, na injini ya rangi ya chungwa kama ilivyotoka kiwandani, imefifia, imebanduka, ina kutu pembeni, na kutu hiyo Merle huionyesha kwa kidole kama babu anayeonyesha picha ya mjukuu. "Hii kutu ni ya asili, vijana," husema. "Ninyi endeleeni na ming'aro yenu ya makopo." Na sisi hoi kwa kicheko, lakini moyoni tunamwonea gere.

Sasa mwezi huu Merle kalazwa kubadilishiwa nyonga, akaniachia ufunguo wa gereji yake, akanishika mkono pale kitandani akasema, "Duane, washa, iungurume dakika kumi, zima, funga mlango. Usiguse kitu. Umenisikia?" Nikamwambia, "Mzee, wewe pona tu." Bi. Corinne, haki ya Mungu nilikuwa na nia njema, lakini siku ya tatu nikaona mafuta yanachuruzika kutoka kwenye kava za tapeti, vile vifuniko viwili vya bati vinavyokaa juu ya injini kushoto na kulia, na niambie fundi gani ataona mafuta yanavuja afunge mlango aende zake kula? Nikazifungua nibadilishe gasketi, zile mpira za kuzuia mafuta yasivuje, kazi ya saa moja, nikazipeleka kwangu kuzisafisha, nikampigia Roz, mwenzetu wa Jumamosi mwenye saluni ya nywele na gari jekundu la Camaro, aniletee gasketi, na Roz alipoziona zile kava mezani, kuukuu, zimejaa makovu, akasema maneno yaliyotuponza: "Duane, maadamu zimeshafunguliwa, si tuzipake rangi tu?"

Mama, kwa watu wa magari hakuna maneno ya hatari kama hayo. Kufika Jumapili alasiri gereji yangu ilikuwa na watu kumi na mmoja, huyu na brashi ya waya, yule na msasa, mwenzetu Hutch kaja na soseji za kuchoma, na kila mtu anapiga kelele. "Mzee akifungua boneti atazimia!" Roz alisema. "Asizimie bwana," Hutch akajibu, "akianguka na nyonga mpya tutarudi kulekule!" Tukacheka mpaka mtu akamwaga kopo la tina ya kuyeyushia rangi. Arlene akachungulia mlangoni na sweta lake la kwaya, akauliza, "Mmemwuliza mwenyewe?" Roz akamwambia, "Arlene, hii ni sapraiz, sapraiz haiulizwi!" Akatikisa kichwa, akaenda zake kanisani. Mwenye akili ndiye aliyeondoka.

Tulipuliza mikono mitatu ya chungwa, ikatoka nzuri, na kwa kuwa rangi ya injini hushika vizuri zaidi ikipata moto, na oveni ilikuwa pale pale jikoni, tukaitoa lasanya ya Arlene tukaiweka barazani, tukaziingiza kava. Aliporudi alisimama mlangoni ananusa. "Duane, mnapika nini?" Nikasema, "Kava za Merle, mpenzi. Bado dakika ishirini." Lasanya ilikuwa imeshaliwa na mbwa wa jirani. Tangu siku ile kila mkate unaotoka kwenye oveni ile una ladha ya gereji, na Arlene hunikatia kipande kikubwa kwa makusudi.

Basi Jumatatu asubuhi, bado nina furaha zangu, akapiga simu Teddy, mwenzetu wa posta ambaye Jumapili hakuwepo, sauti yake inapaa kama ya mtoto. "Duane! Nimemfanyia mzee sapraiz! Nimemjazia fomu ya maonyesho ya magari, kundi la magari yasiyoguswa! Miaka thelathini tunambembeleza, mara mvua, mara mjukuu anabatizwa, mara mgongo. Safari hii hachomoki!" Nilikaa chini juu ya ndoo. Katika kundi hilo waamuzi huja na tochi na vioo vidogo, wanatafuta rangi ya kiwandani mpaka uvunguni, kutu ni alama, mbanduko ni alama, na kava zilizopakwa Jumapili iliyopita na kuokwa kama biskuti ni fedheha. Nikamweleza Teddy. Akasema, "Jamani, mmeipaka wanja maiti ya mfalme." Tukaangua kicheko wote wawili, na nilikuwa karibu kulia.

Toka hapo tumejaribu kuzizeesha. Tumezipaka chai ya rangi, tumezimwagia vumbi la mashine ya kusafishia zulia, Hutch akazilaza mchana kutwa kwenye tanuri lake la kukaushia nyama kwa moshi, na matokeo yake sasa tuna kava mpya kabisa zinazonuka mbavu za nguruwe.

Lakini hayo yote yana kicheko chake. Kinachonikosesha raha ni kitu ambacho sijamwambia mtu, hata Arlene. Jumapili ile mimi ndiye niliyekuwa nakwangua rangi ya zamani, peke yangu kwenye kona, na chini ya chungwa ya Merle ikatokea bluu. Bluu ya kiwandani, imekamata bati lenyewe. Mtu mwingine angesema rangi ni rangi, lakini sisi tunajua kwamba mwaka 1969 injini zile zilitoka na chungwa, bluu ilikuja miaka minane baadaye. Kwa hiyo kava zile hazikuzaliwa na gari lile. Kuna mtu alizitoa kwenye gari jingine, akazipaka chungwa, na chungwa hiyo ya mkono wa mtu ndiyo iliyozeeka tukaiita ya asili na kuivulia kofia miaka yote hii. Nikageuka, wenzangu wanagombania soseji. Nikaikwangua haraka haraka mpaka bati likawa jeupe.

Sasa nifanyeje? Nikimkiria Merle, ataniuliza kwa nini nimeua rangi ya asili, na jibu lipo ncha ya ulimi linaniwasha, haikuwa ya asili, mzee, na nikilitema nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu aliowafundisha kuheshimu kutu. Nikinyamaza, wenzangu wataniita muuaji wa Chevelle mpaka nazikwa, maana ufunguo niliachiwa mimi, na kosa lenyewe halikuwepo. Na pengine yeye mwenyewe hajui, pengine aliinunua hivyo. Anatoka hospitali Alhamisi, maonyesho ni Jumamosi, na mimi sitaki kumpoteza huyu mzee, Bi. Corinne. Nilishapoteza kaka mmoja.

Ni mimi,
Mwenye Kucha za Chungwa

* * *

Mwenye Kucha,

Kwanza niwatulize wasomaji: msianze kufunguliana boneti huko mitaani. Majina nimeyabadilisha, gari nimelibadilisha, na hata rangi sizo.

Sasa wewe. Mtu mzima mwenye mvi anaambiwa washa, zima, funga mlango. Mtoto wa chekechea angeyaweza hayo. Wewe ukaona mafuta ukaita saluni, saluni ikaita soseji, na mkawa watu kumi na mmoja, mwenye akili kati yenu akiwa yule mliyemharibia oveni. Sapraiz haiulizwi! Mwambie huyo Roz kwamba hata kichwa cha mteja wake hakitiwi dawa bila kumwuliza. Nimecheka, ndiyo, nimecheka hadi mhariri akaja kuniangalia, lakini kicheko changu kisikupe kichwa. Mali ya mtu mliigusa akiwa kitandani hana hata mguu wa kusimama kuwazuia.

Nakuhurumia pia. Hukufanya kwa ubaya, na watu wanaokesha wiki nzima wakipaka chai bati la mwenzao si watu wabaya. Ila acheni leo hii. Mlipozipaka rangi mlikosea kwa mapenzi. Mkizizeesha ili kuwadanganya waamuzi, mnamfanya Merle tapeli na bado hajavua nguo za hospitali.

Halafu soma tena barua yako mwenyewe, maana umeandika jibu usilione. Mtu ana gari linalosifiwa na mji mzima, na miaka thelathini hajaliingiza kwenye mashindano. Mara mvua, mara mgongo, mara mjukuu. Ndugu yangu, mjukuu gani anabatizwa kila mwaka siku ya maonyesho? Merle anajua. Amejua siku zote. Mimi namwona hivi: asubuhi moja watu walimsifia injini yake, akanyamaza badala ya kusahihisha, Jumamosi iliyofuata wakasifia tena, na baada ya hapo akawa hana pa kutokea. Angetaka tuzo ya uongo angeichukua zamani, nani angemkwanguria rangi? Ameikimbia mara thelathini. Huyo ni mwungwana aliyekwama, na ninyi kwa wema wenu mmemjazia fomu mkamsukuma kwenye tochi za waamuzi na nyonga mpya.

Kwa hiyo, kabla hujanywa kahawa, mpigie Teddy aiondoe ile fomu. Sababu anayo tayari na ni ya kweli: kava zimepakwa, tumezipaka sisi. Asiongeze neno.

Alhamisi nenda kwa Merle peke yako. Roz abaki saluni, Hutch abaki na nguruwe wake. Zichukue kava mkononi, zimeoshwa zikatoka chai na moshi, uziweke mbele yake, useme: "Mzee, ulinikataza nisiguse, nikagusa. Nisamehe." Usitaje gasketi, usitaje nia njema, usimtaje mtu mwingine. Kisha ufunge mdomo, hata akikaa kimya mpaka chai yake ipoe.

Bluu usiitaje. Uliiona ukiwa mahali ulipokatazwa kuwa, basi si yako. Akikuuliza uso kwa uso uliona nini chini, usimdanganye, mwambie, kisha mwambie kwamba hakuna mwingine aliyeona na hataambiwa na wewe. Asipokuuliza, hukuona kitu, na utakufa hukuona kitu.

Na wenzako wakikuita muuaji wa Chevelle, itika. Najua inauma kubeba lawama ya kuharibu kitu ambacho hakikuwepo. Yeye amebeba sifa ya kitu ambacho hakikuwepo kwa miaka thelathini, na huo mzigo nadhani umemchosha kuliko utakavyokuchosha wa kwako. Alikuletea watu wakakukatia majani ulipofiwa. Nawe mbebee hili, bila kumwambia kwamba umembebea.

Arlene mnunulie oveni mpya, ya zamani ihamie gereji, na lasanya upike wewe.

Akikusamehe, na atakusamehe baada ya kukutukana vizuri, mzifunge kava zile pamoja, wewe ukaze, yeye akae kwenye kiti akikukosoa. Jumamosi mkaliweke gari pale maegeshoni na boneti wazi. Watu watauliza, kama kawaida yao, hii rangi ni ya asili? Na Merle, kwa mara ya kwanza tangu mmjue, atawajibu ukweli mtupu bila kutazama pembeni: "Hapana. Hii walinipakia rafiki zangu."

Bi. Corinne