Baiskeli Isiyotoka Dukani

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Na mgongo wa mama? Mimi ni mzima, ila shuka za hoteli hii hazina mwisho. Nikimaliza kupiga pasi rundo moja, jingine limeshaingia.

Baba, mama ameniambia kwenye simu kwamba juzi ulishindwa kufika dukani, ukarudishwa kwenye mkokoteni wa muuza maji. Nimelia. Daktari alishasema sklerosisi, huu ugonjwa wako wa neva, haiponi, kwa hiyo kaa upumzike. Nimepata fundi simu wa kulipanga duka lako. Nikija likizo Agosti nitamkabidhi ufunguo. Usinikasirikie.

Kitindamimba wako


20 Februari

Binti yangu mwenye kichwa kigumu kama cha mama yako,

Marahaba. Tu wazima, ukiacha hii miguu.

Nimesoma barua yako nikitafuta mahali uliponiuliza mimi nataka nini. Sijapaona.

Mwaka mzima mmeniketisha. Maji naletewa, taulo naletewa, nikiinuka mama yako anauliza naenda wapi kama askari wa zamu. Kupumzika napumzika mpaka nachoka, na bado nikienda chooni tu narudi nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Nikaenda kliniki. Kuna dada wa mazoezi ya viungo pale, mkali huyo! Amenitembeza kwenye korido ameshika saa, halafu akaniambia, "Mzee, neva zako zimechubuka ganda, hilo siwezi kulirudisha. Lakini moyo na mapafu yamelala kwa kukaa tu. Hayo tunaweza kuyaamsha, na pumzi ikiongezeka, mwendo nao utapata nafuu."

Akasema nitafute baiskeli ya mazoezi. Mimi, fundi baiskeli, nitafute baiskeli! Nimechukua fremu kuukuu, nimeinua gurudumu la nyuma juu ya stendi ya chuma. Haiendi popote, hainiangushi. Asubuhi jirani ananipeleka dukani, nakanyaga pedali mpaka shati linalowa.

Naomba kitu kimoja. Ukija Agosti, nitembee mbele yako toka nyumbani hadi dukani kwa miguu yangu. Nikishindwa, mpe huyo fundi simu ufunguo, sitafungua mdomo.

Baba yako


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Nilikubali, nikakuandikia nimekubali, ukanyamaza. Sasa mama ameniambia ulichokuwa unakificha. Ulikutwa umelala sakafuni dukani, macho hayaoni vizuri, miguu haitaki kuinuka. Na bado ulimwomba asiniambie!

Imetosha. Fundi simu ataingia mwezi ujao. Heri unune ukiwa hai.

Kitindamimba wako


19 Mei

Binti yangu unayejifanya mama yangu,

Marahaba, hata kama umenisalimia kwa hasira. Macho yanaona, maana nakuandikia mwenyewe.

Nilijua nimekwisha. Ndiyo sababu sikukuandikia, niliogopa. Kumbe lilikuwa joto. Nilikuwa nimekanyaga pedali saa sita mchana chini ya bati, najionyesha shujaa. Dada mkali amenisema mpaka nikatazama chini. Mwili ukipata joto, neva zilizochubuka hazifikishi ujumbe. Ukipoa, zinarudi kazini. Na kweli, mama yako alinifunika taulo la maji, jioni nikajiinua. Huyo dada hajaniambia niache. Ameniambia nikanyage asubuhi, kwa vituo, nipate upepo.

Umeme hapa unajulikana. Basi nimechukua feni la mama yako lililoungua mota, nikaliweka mbele yangu na kulifunga mkanda kutoka gurudumu la nyuma. Nikikanyaga, mapanga yanazunguka. Nikitegea, natoka jasho. Mama yako anasema feni lilikuwa linatengenezeka. Anadanganya.

Nakuomba, mwanangu, usinifungie mlango kwa sababu ya siku moja. Ningoje mpaka Agosti.

Baba yako


30 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na shuka zilikuwa zinanisubiri. Mama umsalimie sana.

Kuna jambo nilishindwa kulisema pale nyumbani. Ile asubuhi ulipotoka mlangoni na fimbo yako, niliomba moyoni ushindwe mapema, nipate sababu ya kukuzuia. Ulipofika kwenye ukuta wa shule mguu wa kushoto ukaanza kuburuta, nikanyoosha mkono, ukanitazama kwa jicho lile la kuwafukuza wateja wabishi. Nikaurudisha. Ukaegemea ukuta, ukavuta pumzi, ukaendelea. Ulifika, baba. Taratibu, umepinda upande, lakini ulifika, na pumzi ya kunitania ulikuwa nayo.

Ulipokaa kwenye kigoda chako mimi nikageukia ukutani, ukadhani natazama minyororo. Nilikuwa nalia. Niliuogopa ugonjwa wako hata nikasahau kwamba mwenye huo ugonjwa ni wewe.

Najua wakati wa kurudi ulichoka, na mkono wangu ukaushika bila ubishi. Najua pia ipo siku utaamka miguu imegoma. Siku hiyo pumzika, halafu tuone ya kesho yake.

Fundi simu, niliyemsimamisha baada ya barua yako ya Mei, nimemwambia atafute kwingine. Ufunguo wa duka nimeuacha juu ya meza yako. Fungua mapema, jua halijawa kali.

Kitindamimba wako