Iko Safi, Endelea

4 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini mgongo umepunguza ukorofi na gereji bado inakupa sababu ya kuamka. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo kwa kula peke yangu. Nimekupigia simu mara nne hupokei. Najua utasema simu zinakuchosha, basi naandika kama ulivyotaka.

Nimepata leseni na nimenunua gari. Ni dogo, jeupe, injini ya cc elfu moja. Nalipenda. Shida ni mlima wa kwenda kazini. Asubuhi nikipanda, malori ya saruji yananipita huku yananipigia honi. Kule ghalani tunapanga masanduku ya dawa kutwa nzima na hakuna anayeongea, kila mtu na nyaya zake masikioni. Nina miezi tisa mji huu, na ninayezungumza naye zaidi ni mlinzi wa getini, naye huniuliza kitambulisho tu.

Jumapili kuna vijana wanakutana na magari yao kwenye uwanja wa duka lililofungwa. Nilipita wakacheka: "Dada, hilo gari au kiatu?" Lakini walicheka wakiniangalia usoni, Mjomba, na siku hizi hilo kwangu ni jambo kubwa. Mmoja wao wanamwita Fundi Jumapili. Anasema atanifungia turbo na kubadilisha bomba la moshi, gari liruke. Unasemaje?

Mpwao,
Bisibisi

19 Februari

Bisibisi, marahaba.

Mgongo upo, huniamkia kila asubuhi kabla ya mtu yeyote. Hongera kwa leseni, ingawa aliyekupa hakukuona siku ile ulivyorudi kinyumenyume ukabomoa banda la kuku.

Jibu langu ni hapana. Gari lako lilipotengenezwa, breki, gia na matairi vilipimwa kulingana na injini ile ile ndogo. Ukiongeza nguvu peke yake, umemvisha mtoto viatu vya baba yake ukamwambia akimbie. Halafu wewe ni dereva wa juzi. Hujalijua gari likiwa zima, likianza kuumwa utajuaje? Liendeshe hivyo hivyo mwaka mmoja. Weka matairi mazuri, weka breki mpya, badilisha oili kwa wakati. Malori yakikupita, yaache yapite, saruji ina haraka zake.

Najua unatafuta watu, hutafuti mwendo. Mimi pia, tangu dada yangu mama yako atutoke, sina wa kubishana naye. Lakini anayekupenda kwa ajili ya bomba la moshi, mapenzi yake ni ya moshi. Nisikilize. Sikio halipiti kichwa.

Mjombao

11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Habari za siku nyingi. Mimi sijambo, na nimenyamaza kwa sababu nina kosa. Nimefunga turbo. Ilitolewa kwenye gari lililopata ajali. Sema unavyotaka, sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini usikasirike kabla hujajua. Sasa napanda mlima nayapita malori. Jumapili nina mahali pa kusimama, na wasiponiona wanauliza nilikuwa wapi. Wiki iliyopita nilipata mafua, watu watatu wakanipa pole. Nililia nilipofika chumbani, na hayakuwa machozi ya mafua.

Kuna kitu kimoja tu. Nikikanyaga mafuta mlimani, nasikia sauti ngeni. Fundi Jumapili anasema turbo zote ziko hivyo. Mimi namwamini mtu mmoja, yule aliyekuwa akisikiliza gari likiwa bado barabarani, kabla halijaingia gereji, anataja ugonjwa wake. Nimeirekodi nikaituma kwenye simu ya jirani yako mshonaji, atakuletea. Niambie neno moja, niendelee au nisimame. Ukisema simama, naing'oa kesho yake.

Mpwao mkaidi,
Bisibisi

20 Mei

Bisibisi, marahaba, na masikio yako ningeyavuta kama mkono ungefika.

Nimekasirika siku mbili, yamekwisha. Mshonaji alikuja, sauti nikaiweka mara tatu. Iko safi, endelea. Ila pole pole, na breki ubadilishe.

Unirekodie kila mwezi. Na barua uandike ndefu, hiyo ya mwisho niliimaliza kabla chai haijapoa.

Mjombao

2 Julai

Mjomba,

Leo sianzi na salamu. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa plasta.

Injini imenoki, imekufa kabisa, pale pale mlimani, lori likiwa nyuma yangu. Gari lilizima, nikakanyaga breki ikawa ngumu kama ukuta, tukaanza kurudi nyuma. Breki sikuwa nimebadilisha, hilo ni kosa langu. Nililigeuza likajibamiza kwenye ukingo. Dereva wa lori ndiye aliyenitoa. Kazini wamenipa likizo maana siwezi kunyanyua sanduku. Wale wa Jumapili walikuja wawili, mara moja.

Fundi aliyeifungua injini nilimpa ile rekodi. Hakuimaliza. Akasema, "Hii ilikuwa inagonga zamani, hata mwanafunzi wangu angesikia."

Basi nakuuliza. Uliisikiliza kweli? Au ulikuwa na hasira na mimi, ukasema acha limfunze? Nimelala siku tisa na swali hilo. Mkono hauumi hivyo.

Mpwao

9 Julai

Mwanangu,

Sikutaka ulimwengu ukufunze. Usiliwaze hilo hata dakika moja.

Sikusikia. Sikio la kulia lilikufa miaka miwili iliyopita, la kushoto likafuata. Simu sipokei kwa sababu sizisikii. Kazi nafanya kwa mkono juu ya boneti, na bisibisi ndefu nang'ata mpini, ncha naigusisha kwenye injini, nasikia kwa meno. Wateja wanadhani ni mbwembwe za fundi mzee. Simu ya mshonaji niliishika kwenye meno pia. Haikuniambia kitu. Mshonaji akacheka akafumba vidole kunionyesha gumba, nami nikakuandikia gumba la mshonaji.

Ningekuambia, ungetafuta fundi mwingine wa kumuuliza. Na usiponiuliza magari, ungeniandikia nini? Barua zako ndizo mazungumzo pekee ninayoyapata yote, neno kwa neno. Nikaona aibu, nikaona na tamaa, nikakupandisha mlima ule na injini inayogonga. Dada yangu angenifukuza kwake.

Nimewaambia wateja ukweli. Wengine wameondoka. Nisamehe ukiweza.

Mjombao

6 Agosti

Mwanangu,

Naona umenyamaza, na ni haki yako. Kila Ijumaa nakwenda kituoni basi la barua likiingia, kondakta siku hizi ananitikisia kichwa kabla sijafika. Sitaki jibu refu. Niandikie tu mkono umepona au la.

Mjombao

1 Septemba

Mjomba wangu, shikamoo.

Mkono umepona, unauma asubuhi tu. Gari nimeliuza vipande vipande. Natembea kwenda kazini, malori yale yale yananipita.

Sikukujibu kwa sababu sijakusamehe kabisa, na sikutaka kukuandikia uongo. Mwezi wa kwanza baada ya barua yako nilikuwa na hasira. Wa pili nilihesabu ni mara ngapi nimekupigia mwaka huu, nikakutukana moyoni kwa kutopokea, nikakuona umesimama karibu na ile simu ikiita. Hapo hasira ikanishinda kubeba. Mimi niliongeza turbo ili niulizwe nilikuwa wapi. Wewe ulinidanganya ili uulizwe chochote. Sijui nani kati yetu amchape mwenzake.

Mshonaji ameniandikia. Anasema mtaani wasiojua habari za masikio yako wanakuona umeanza majivuno, watu wanabisha hodi hujibu, wanasubiri kidogo wanaondoka.

Nimepata likizo ya siku kumi. Nitafika Jumamosi. Hodi sitabisha. Acha mlango wazi, ukae umeuangalia, nami nitaingia nikushike bega.

Mpwao,
Bisibisi