Jina Langu Katika Orodha ya Vibarua

Kilifi,
Jumamosi, 14 Juni 1986

Dada yangu mpendwa Nduku,

Shikamoo. Naianza barua hii nikiwa nimejiapia kukueleza yote, hata yatakayokuudhi. Natumaini u mzima huko chuoni Machakos na kwamba baridi haijakurudishia kikohozi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, anauliza kama bado mnapikiwa maharagwe kila siku.

Utakumbuka kwamba mwishoni mwa mwezi wa pili uliletwa waraka wa kubana matumizi. Katika ofisi ya serikali anakofagia Mama, vibarua watano walifutwa, naye akiwa mmoja wao. Kesho yake karani, Bwana Dena, alimwita. Alimweleza kwamba majani ya uani hayajausoma waraka, kwa hiyo kazi iko palepale, ila jina lililokwisha kufutwa haliwezi kurudi katika orodha. Alitaka jina jingine, la kibarua mpya. Mama alikataa, akasema yeye hakubatizwa mara mbili.

Siku tatu baadaye nilikuandikia kwamba amerudishwa kwa jina lake, na kwamba tumemshukuru Mungu.

Ijumaa ya wiki jana tulifanya mdahalo shuleni: je, serikali imebana matumizi kweli? Mwalimu Farjallah alinipa upande wa kusema ndiyo. Randu, msemaji wa upande wa pili, aliuliza ikiwa petroli imepunguzwa, gari la ofisi linafikaje Kaloleni kila Jumamosi na kurudi na madumu ya tembo la mnazi. Watu walicheka wakipiga madawati, na mmoja akamuuliza amejuaje kama ni tembo, asije akawa ndiye mwonjaji. Kicheko kilipotulia nilisimama, nikasema kwamba katika ofisi moja ya hapahapa vibarua watano wamefutwa, orodha ipo, na anayebisha aende akaisome. Tulishinda. Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa akinawa vumbi la ofisi hiyohiyo.

Mwalimu alifurahi sana, akanipa fomu ya msaada wa karo. Bila msaada huo sitaandikishwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Fomu hugongwa muhuri na Bwana Dena, na Jumatatu nilimpelekea. Alifungua orodha yake, akaitazama kwa muda, kisha akanirudishia fomu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba msaada ni wa wanafunzi, nami ni kibarua wa serikali tangu Machi. Mkaguzi akizilinganisha karatasi hizo mbili, yeye atafukuzwa na Mama atafukuzwa.

Dada, Bwana Dena hakuniandika kwa hila. Mama alipokataa, nilikwenda mwenyewe nikitoka shule, nikampa jina langu. Mama hajui. Kila mwisho wa mwezi tunakwenda pamoja, nami natia sahihi, akiamini namwandikia kwa kuwa yeye hajui kuandika. Nilimdanganya, kama nilivyokudanganya wewe, kwamba jina lake limerudishwa, naye humwombea karani yule kila tunapokaa kula.

Nikimwambia, namjua, ataacha kazi siku hiyohiyo, na karo yako ya muhula ujao haitapatikana. Nisipomwambia, mtihani utanipita. Kila jioni huniuliza kama fomu imegongwa muhuri, nami hujibu kwamba wino wa muhuri umekwisha. Sijui wino huo nitauchelewesha hadi lini.

Hata hivyo naamini iko njia ambayo wewe utaiona kabla yangu, ndiyo maana nimetia stempu ndani ya bahasha. Fomu zitapokewa mwisho tarehe 27. Nisalimie wenzako wa bwenini, na usiache kuvaa sweta. Nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza swali hili moja: nikiomba jina langu lifutwe, Mama atafagia kwa jina la nani?

Mdogo wako akupendaye,
Mueni