Maji ya Jiwe Ulilonipa, Baba

Kwako baba, kijijini Sapiwi,

Mwangaluka, baba. Mgongo umepoa? Na mama, Mayu wangu, lile goti lake linamwachia alale? Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imenikomesha. Naandika nimevaa soksi mbili mbili, nakumbuka jua la kuanikia michembe ya viazi.

Juzi Mayu alinipigia simu, akawa ananong'ona ili usisikie. Anasema bado unashuka kwenye lile shimo la kisima, tena kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na ukingo umeanza kumeguka. Kaka Masanja akikukataza unamwambia unasubiri jibu langu tu. Baba, na wewe nawe. Haya, jibu ndilo hili, Masanja akusomee mpaka mwisho, asiruke.

Lile jiwe jeusi lililovunja sururu yako, ulilonipa nikiwa likizo ukaniambia nikawaulize Wazungu kama lina maji, nimelipima mwenyewe. Ndiyo kazi yangu hapa maabara, kuchoma mawe na kupima kinachotoka. Nilichelewa kwa sababu kulichoma ni kulimaliza, na chumbani kwangu sikuwa na kitu kingine cha nyumbani. Nilikuwa nalala nimeliweka karibu na mto.

Lina maji, baba. Mwalimu wangu anasema mawe ya aina ile yalipanda zamani sana kutoka chini mno, na huko chini kuna maji mengi, pengine kama ya bahari. Lakini hayatiririki. Ni haidrojeni imekaa ndani ya jiwe lenyewe, imeshikamana na oksijeni, na haitoki mpaka jiwe liwake jekundu. Hapo ndipo unapata mvuke. Kipande chote kile kilinipa tone moja kwenye kioo. Maji hayo hayachotwi kwa ndoo, hata uchimbe mpaka wajukuu wazeeke. Na wale mafundi wa visima kutoka Bariadi walishakwambia mwamba unaendelea tu.

Kwa hiyo hukukosea. Wanaokuita Mzee Shimo kule mnadani waambie Kabula kasema maji yapo. Ila kuchimba acha.

Nilipoliona lile tone nililia. Hapa bomba linamwaga maji siku nzima na sijawahi kuyatamani, lakini lile la kwetu nilitaka kulilamba. Nimewakumbuka mno, baba. Nimelifunga kwenye kichupa. Nikija nitakumiminia kiganjani, ulione mwenyewe.

Nisalimie dada Ngolo na wanawe, na shangazi wa Nassa anayetuletea dagaa, na mama mchungaji anayeniombea. Mwambie Mayu asinong'one tena, nimeshasema mwenyewe. Kamba irudi kwa ng'ombe.

Nataka nikija nikukute juu, baba.

Mwanao,
Kabula