Shetani Anayeogopa Ubani

Mpendwa Mama Hélène, niokoe kabla ya Jumapili, maana mimi Danielle wa hapa Likasi nimejichimbia shimo mwenyewe. Nimechumbiwa na Joachim, na mama yake, Mama Sylvie, ndiye kiongozi wa kikundi cha sala parokiani, na siku ya kwanza nilipokwenda kusali naye walifukiza ubani, moshi ukanipata, kifua kikabana, nikaanza kukohoa na kutoa miluzi kifuani, basi Mama Sylvie akaruka: "Shetani iko naogopa ubani! Mutie ingine!" Wakatia, nikazidi, wakatia tena, nikaanguka, wakanibeba nje, hewa ikanipoza, wakapiga vigelegele kwamba pepo ametoka, na tangu hapo kila Jumapili pepo anarudi.

Mama, niseme kweli yote, daktari alishanipulizisha kwenye kifaa, akanivutisha dawa ya pampu, nikapuliza tena, pumzi ikaongezeka, akasema ni pumu, akanipa pampu mbili, ya kuzuia na ya kufungua kifua, nami nimezificha chini ya vitenge, maana shetani hutoka lakini pumu haitoki, na nilimsikia Mama Sylvie akimwambia jirani, "Muntu ya asthme? Non, mutoto yangu hataoa ile." Jumapili hii wameandaa vyetezo viwili. Nifanye nini?

Danielle

*

Danielle, binti yangu, nimecheka mpaka chai ikamwagika, halafu nikaogopa. Unamsingizia shetani wa watu bure! Siku ile hukukombolewa, ulikaribia kufa, ukapona kwa sababu ulitolewa kwenye moshi. Jumapili hii usikanyage kwenye kikundi hicho. Nenda misa, ukae karibu na mlango.

Daktari wako hakukosea. Miluzi kifuani, kubanwa na moshi, pumzi kuongezeka baada ya pampu: hiyo ni pumu. Haitoki, kweli, lakini inatulizwa, na wenye nayo wanalima, wanazaa, wanaimba kwaya. Ile pampu ya kuzuia uivute kila siku kama ulivyoelekezwa, hata siku unayojisikia mzima, na ile ya kufungua kifua iwe mkobani popote uendapo. Kifua kikibana, toka kwenye moshi, keti wima, vuta hiyo ya kufungua. Usipopata nafuu, au ukishindwa kumaliza sentensi, hospitali mara moja. Wakitaka kukuombea, waombe njiani.

Na huyo Mama Sylvie anayempokea bibi harusi mwenye shetani na kumkataa mwenye pampu, mwambie namsalimu sana. Lakini kosa kubwa ni lako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyafichia kwenye vitenge!

Leo hii, si kesho, mwite Joachim. Mwambie jina la ugonjwa, mwonyeshe pampu zote mbili, mfundishe kukusaidia. Akishtuka, mpe siku moja afikiri. Akikimbia, mwache akimbie. Yeye pumzi anazo.

Mama Hélène