Baba Alivyofanywa Adui wa Filamu

Mkata,
Handeni.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Naisenya,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Mtoto amepona kikohozi? Huku hatujambo. Mvua imetunyima, ila ng'ombe bado wana nguvu. Yeyo, mama yetu, anauliza kama mama mkwe wako ameshakuzoea.

Ningekupigia simu, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Nilikuwa kwenye kundi la Wasapu la vijana wapenda filamu, wa hapa na wa Korogwe. Tunajitungia filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, kisha kila mtu anapendekeza nani acheze nani. Mwezi uliopita tulitunga ya shujaa wa nyikani anayeamrisha radi. Nikatuma picha niliyopiga na baba zizini. Wakanichagua mimi niwe steringi, yule shujaa. Ernesti wa Korogwe akaandika kwamba baba awe adui, mchawi anayekausha mito, kwa sababu ya lile jicho lake lililotobolewa na mwiba. Watu walicheka sana. Nami, dada, nikawashukuru kwa kunichagua, nikacheka pamoja nao.

Picha ikasambaa. Kwenye mnada wa ng'ombe vijana wakaanza kumwita baba Mkausha Mito. Aliponiuliza maana yake, nikamdanganya kuwa ndiye shujaa wa filamu. Mnada uliofuata akavaa shuka mpya. Wakimwita anaitika, anasimama wapige naye picha. Nilikuwa pale pale, natamani ardhi inimeze.

Njiani tukirudi nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Akauliza, "Na shujaa ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Wakakupa, ukapokea."

Akaongeza mwendo.

Nimejitoa kwenye kundi. Ernesti alikuja kuomba radhi, baba akampa maziwa. Mimi nilipoomba alijibu "sawa" tu. Mnadani haendi tena, anamtuma ami Lesiamon. Na nikikaa naye siku hizi anageuza uso, ananipa upande wa jicho zima, ili lile bovu nisilione. Mimi, mwanawe.

Mpigie, dada. Wewe anakusikiliza. Usinitetee, jaribu tu kumrudisha mnadani.

Nisalimie shemeji Peter na Naitoi mdogo. Mungu wetu Enkai awafunike kwa kivuli chake huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na mwenye aibu,
Lemayian