Brahmi na Jogoo Wangu wa Pekee

Mjukuu wangu Minza,

Kwa niaba ya ukoo mzima natangaza kwamba jogoo wetu mwekundu amehamia kwa jirani bila kuaga. Mengine ni salama. Bibi yako anakusalimu, na pamba imefunguka vizuri.

Umeniuliza kutoka huko Dodoma kama unga wa brahmi, ile dawa ya Kihindi ya kumbukumbu, utakusaidia kwenye mtihani. Wewe unayesahau hata kunipigia simu! Usinitajie kitu hicho. Nilikuwa darasa la saba nilipompa mzee muuza dawa, hapahapa Bariadi, jogoo wangu wa pekee, nikapewa kopo la unga huo. Nikafeli. Tangu hapo namwita tapeli mbele ya watu, hata misibani.

Nilimlalamikia baba yangu kwamba dawa imenidanganya. Yeye hakujua kusoma, lakini ng'ombe wakirudi jioni alimjua aliyekosekana kabla hawajaisha kuingia zizini. Akaniuliza, "Na mimi nakunywa dawa gani, ng'wanawane, mwanangu? Si nawatazama kila siku?"

Nikazidi kukasirika.

Ila wewe umeuliza kwa heshima, basi chukua ukweli. Yule mzee aliniambia, "Kijiko kimoja kwa siku, miezi kadhaa, na usome. Huenda ukakusaidia kidogo." Mimi sikufungua daftari. Nilikunywa kopo zima asubuhi ya mtihani, na karatasi ya hesabu niliirudisha nyeupe, kwa kuwa muda wake wote niliumalizia chooni.

Babu yako